Mfagiaji wa bustani ya Kijapani hataki kuombwa radhi chemba

Saa kumi na moja jioni, bibi harusi wa mwisho ameshashuka kwenye daraja jekundu na mpiga picha wake anakunja miguu ya kamera. Agathe anasubiri watokomee. Kisha anainama na ufagio wa njiti, anaanza kufagia mchanga unaozunguka bwawa, akirudi kinyumenyume.

Kila ufagio unapopita, mchanga unabaki na mistari iliyopinda kama mwezi mchanga, na nyayo zake mwenyewe zinafutika mbele yake.

“Mama alitufundisha hivi kule Uvira,” anasema. “Unafagia uwanja jioni, unatoka kinyumenyume. Asubuhi, kama mtu aliingia, mchanga utakuambia.”

Ufagiaji huo ndio uliomwokoa Agosti hii ya 1998.

Agathe, mwenye umri wa miaka 41, alifika Durban, Afrika Kusini, mwaka jana akikimbia vita vya Kongo; kwao Uvira ni kando ya Ziwa Tanganyika. Analala mtaa wa Albert Park, chumba kimoja na wanawake watatu. Bustani hii ya mtindo wa Kijapani, iliyo ndani ya hifadhi ya umma, inamlipa randi 35 kwa siku. Mkataba hana.

Mwezi uliopita samaki wa rangi walianza kupungua bwawani. Walipobaki sita, msimamizi, Gosbert, Mtanzania wa Bukoba, aliwapanga wafanyakazi wote tisa mstari mmoja, akasema kuna mgeni hapa anakula samaki wa watu. Hakutaja jina. Hakukuwa na haja: kwenye mstari ule mgeni alikuwa mmoja tu, na ndiye anayefunga lango jioni.

Kuanzia hapo wenzake wakawa wanamuuliza kila mchana leo amepika wa rangi gani, mwekundu au wa madoa. Gosbert alimpa wiki moja aondoke mwenyewe, la sivyo ataitiwa polisi.

“Mimi mtoto wa ziwa,” anasema Agathe, na kwa mara ya kwanza anaacha kufagia. “Nimekula mukeke, samaki iko na mafuta. Hii yao ni ya kutazama tu. Niende jela kwa samaki ambayo haina hata ladha?”

Hakuondoka. Alikata njiti za mitende ya kando ya barabara kule mtaa wa Umbilo, akafunga ufagio, na jioni ile ile akafagia kuzunguka bwawa lote.

Asubuhi mbili za kwanza mchanga ulikutwa haujaguswa. Asubuhi ya tatu alimfuata Gosbert stoo, akamwambia: “Shefu, njoo uone mwizi wako.” Alimzuia asikanyage, akamtaka achuchumae.

Juu ya mistari ya ufagio zilipita nyayo za vidole vitatu mbele na kimoja nyuma, ndefu kama kiganja cha mtu mzima, kutoka kwenye mianzi hadi ukingoni. Hapo palikuwa na magamba mekundu. Walikuwa bado wamechuchumaa korongo wa kijivu alipotua ng’ambo ya bwawa, akakunja shingo, akawatazama.

“Muulize kama na yeye iko na karatasi za ukimbizi,” Agathe alisema.

Sasa wavu umetandazwa juu ya maji na samaki hawapungui tena. Siku wavu ulipofungwa, Gosbert alimwita Agathe stoo, akamfungulia soda, akakiri amekosea. Alimsihi wayamalize pale pale.

Agathe hakuigusa ile soda. “Uliniita mwizi mbele ya watu nane,” alimjibu. “Unaniomba radhi mbele ya mafagio?”

Gosbert anasema msimamizi akijishusha mbele ya watu wake, kesho hawatamsikiliza. Agathe anasema hilo ni shauri lake. Amempa hadi Jumatatu. Asubuhi hiyo atasimama mstarini kama wengine, ila hatashika kazi mpaka msimamizi aseme mbele ya wote kwamba alikosea.

“Akitaka kunifukuza, anifukuze pale pale, wote wakiona,” anasema. “Safari hii alitaje jina. Agathe. Si refu.”