Miguu ya Mti

Fundi viatu mmoja hakuwa mtu wa maneno. Sentensi zake nyingi alizimalizia kwa nyundo. Ukuta mzima wa karakana yake ulijaa kalibu, zile nyayo za mti alizozivalisha ngozi mpaka zikatoa kiatu. Kila mteja na jozi yake, na jina la utani limechongwa kisiginoni: Twiga, Bibi Haraka, Domo. Mteja akifariki, fundi huishusha jozi yake, huifunga gazeti, huipeleka kwa wafiwa na kusema yaleyale: "Nimewaletea miguu yake. Ilitembea vizuri." Halafu hujiondokea kabla hajaletewa kiti.

Jozi ya mkewe ilining'inia penye dirisha. Kadiri kisukari kilivyomvimbisha miguu, ndivyo fundi alivyobandika vipande vya ngozi juu ya kalibu, hasa ya kulia. Mwishowe mguu wenyewe wa kulia ukakatwa.

Siku moja binti yao, mwalimu, alikuja nyumbani na kamusi nene kama tofali.

"Baba, hivi unajua neno kalibu limetoka wapi? Waarabu walilichukua kwa Wagiriki. Na huko lilikuwa la mafundi viatu kama wewe: mti, halafu mguu. Mguu wa mti! Waarabu wakakiita hivyo kila kitu kinachotoa umbo, hata cha kumiminia chuma, ndipo likatufikia sisi."

Mama mtu, kitandani, akacheka mpaka akakohoa. "Kumbe! Basi hospitali wananisumbua bure kunipima mguu wa bandia. Wa kwangu baba yako anao ukutani miaka thelathini."

Kisha akamgeukia mumewe. "Nishonee viatu, mume wangu. Viwili, si kimoja. Jumanne wakinivisha huo mguu, nataka nitoke pale nikitembea."

Fundi alishona viatu vyekundu, akiwafukuza wateja wengine kama kuku. Jumamosi akavimaliza. Jumapili mkewe hakuamka.

Walipotoka kuzika, alikwenda karakana peke yake. Alivitazama vile viatu, akalia kama mtoto. Kisha akaishusha ile jozi ya kalibu, akaifunga gazeti kama kawaida yake, akashika njia. Mlangoni kwake mwenyewe akapiga hodi.

Binti alifungua. Alipoliona gazeti alielewa, akalipokea kwa mikono miwili.

"Nimewaletea miguu yake," fundi alisema. "Ilitembea..."

Hakuweza kumaliza. Binti akamvutia kiti, na safari hii akakaa.