Bluetuthi ya Bi Dalenda

Naziha Kammoun hakusomea kompyuta. Alifundisha hesabu nasi katika sekondari moja hapa Sfax, na Linux, ule mfumo wa bure wa kuendeshea kompyuta, alijifunza mwenyewe jikoni kwake.

Mama yake, Bi Dalenda, masikio yake yalikuwa mazito. Alivaa vifaa vya kusikia vilivyoungana na laptopu kwa bluetuthi, na kila alasiri alizungumza na dada yake Mongia aliyeko Marseille. Mwaka ule walikuwa wakibishania sharmula ya Idi, ule mchuzi mzito wa vitunguu na zabibu: vitunguu vipikwe kwa muda gani kabla ya kutia zabibu.

Walipopata laptopu mpya, Naziha akaitia Linux, mambo yakaharibika. Ukiifunga kidogo kisha ukaifungua, bluetuthi haipo, mpaka uizime kabisa na kuiwasha upya.

"Naziha! Mongia kanikatia tena!"

"Hajakukatia, mama. Ni laptopu."

"Mbona inakatika kila nikikaribia kushinda?"

Chedly, mdogo wake Naziha, alikuwa mezani anakula. "Dada, achana na hiyo Linux. Nunua kitu kinachofanya kazi."

"Kama gari lako? Mbona umekuja kwa miguu?"

Bi Dalenda hilo alilisikia vizuri, akacheka mpaka akashika mbavu.

Likizo ilipofika, Naziha akaanza kuchunguza. Alisoma kumbukumbu za mashine mstari kwa mstari, kabla laptopu haijafungwa ikalala na baada ya kuamka. Kumbe redio ya bluetuthi ilikuwa nzima, ila haina umeme. Laptopu ikilala, umeme wake unakatwa. Ikiamka, dreva, kile kiprogramu kinachoisimamia redio, kinauliza tu kama imewaka. Kikijibiwa hapana, kinanyamaza.

Akaongeza amri ya kuiwasha. Wapi! Siku mbili nzima alikuna kichwa, hadi alipong'amua kwamba ameiunganisha redio kwanza, ndipo akaipa umeme. Akageuza mpangilio: umeme mbele, kuunganisha nyuma.

Akafunga, akafungua. Ipo. Akarudia mara thelathini, akihesabu kwa sauti kama wanafunzi wake.

"Mama, mpigie khalti Mongia. Kisha funga, ufungue, umpigie tena."

Bi Dalenda akafanya hivyo, akasikiliza, uso ukamchanua. "Mongia! Usiende popote! Muda wa saa tatu, nakwambia, vitunguu vipikwe saa tatu nzima!"

Naziha aliwatumia marekebisho yake watu wanaotunza dreva zile. Mmoja akamjibu kutoka mbali, akamwomba afupishe maelezo, na baada ya wiki tatu yakapokelewa, jina lake likiwa juu. Mistari sita tu. Alituletea makrudhi, vile vikeki vya tende, sahani nzima chumba cha walimu, nasi tukampigia vigelegele mpaka mkuu wa shule akaja kuuliza nani kaolewa.

Chedly alilisoma lile jina mara mbili kwenye skrini. "Kammoun," alisema. "Basi na mimi nimo."