Kahawa Kati ya Vitabu vya Vita

Jirani yetu wa Farsta, kitongoji cha huko Uswidi, mzee wa Kiswidi aliyefiwa na mkewe, alikusanya vitabu adimu kuhusu mapigano ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani. Vilijaa sebule nzima, na hakuruhusu mtu avishike kabla ya kunawa mikono. Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, tukiwa bado wageni, ndiye pekee katika jengo letu aliyetukaribisha kahawa.

Mke wangu alisimama mlangoni. Alikuwa amekimbia vita vya kwetu Kivu, na kwenye jalada moja aliona maiti wamelala shambani.

"Baba, mimi siwezi kunywa kahawa mbele ya hawa," aliniambia kwa Kiswahili. "Kwetu ukiingia penye msiba unaomba kwanza."

Jirani hakuwa mtu wa dini. Niliogopa tutapoteza urafiki wake. Nikamweleza kwa Kiswidi changu cha taratibu.

Aliweka birika chini. "Ataombea upande gani?"

Nilipotafsiri, mke wangu akacheka kidogo. "Mwambie watu wa pande zote wana mama zao. Na avue kofia."

Akavua. Mke wangu aliomba kirefu, kama wanavyoomba akina mama wa kanisa letu, hata kahawa ikapoa. Kisha akaketi.

Jirani alitaka kuipasha moto.

"Acha, Mzee, itanywewa hivyo hivyo," mke wangu alisema, nami nikatafsiri. "Keki iko wapi?"

Namshukuru Mungu. Tuliendelea kuingia mlango ule mpaka jirani alipohamia kwa binti yake.