Anayefuata ni Enid

Katika baa za kwetu Oldham, kaskazini mwa Uingereza, watu hawapangi foleni. Wanasimama kaunta wote pamoja, kimya, na ni aibu kuita au kupunga noti. Kujua nani katangulia ni kazi ya mwenye baa, na kwa hilo Enid Crabtree hakuwa na mpinzani. Ungeingia umelowa, nyuma ya mafundi bomba wanane, akutupie jicho mara moja tu. Baadaye ungesikia, "Anayefuata ni wewe, kipenzi. Na wewe, Desmond, ukizidi kunikodolea macho utakunywa maji."

Kisha ikaja Harkaway. Kampuni hiyo ilianza na baa moja huko kusini, ikaenea nchi nzima kwa kununua majengo yaliyokosa wa kuyataka, mabenki na makanisa, na bia kwa shehena, hata ile iliyokaribia kuisha muda wake. Kwetu ilichukua sinema ya zamani, ng'ambo ya barabara, mkabala na Enid. Ilifungua tangu asubuhi kwa chai na mayai, na bia yake ilikuwa rahisi ajabu. Enid angepunguzaje bei? Jengo la baa yake lilikuwa mali ya kiwanda cha bia, na mkataba ulimfunga kununua kwao tu, kwa bei yao. Mwenye nguvu mpishe, lakini Enid hakujua kupisha.

Wateja walivuka mmoja mmoja. Wa mwisho alikuwa Clifford Pilling, mgane mwenye kigoda chake pembeni mwa kaunta, karibu kabisa na Enid. Pensheni haikumtosha kuwasha hita nyumbani. Alikuja kuaga kama mtu mzima.

"Kule kuna joto kutwa nzima, Enid. Usinielewe vibaya."

"Nenda, baba, nenda kaote moto. Ila ukivuka barabara hiyo, mimi hunijui."

Akavuka. Baa ya Enid ilifungwa kabla ya Pasaka, naye akaapa kutotia mguu Harkaway. Akikutana na Clifford sokoni, aligeuza uso. Nilimpenda Enid, lakini kiburi kile kiliniudhi mno.

Clifford alifariki Novemba, na baada ya mazishi tukakusanyika Harkaway. Enid akaja, kofia nyeusi kichwani, akaenda kaunta moja kwa moja. Akaweka mkono juu ya mbao, akangoja mhudumu amwone. Wahudumu wakapita na sinia zao. Akaendelea kungoja, mgongo umenyooka, nasi mezani tukaona haya kwa niaba yake.

Desmond akamwendea. "Njoo ukae, dada. Hapa hakuna zamu. Unaagiza kwa simu, bia inakufuata mezani."

"Sasa nani anajua nani katangulia?"

"Hakuna."

Akamleta mezani. Kando ya kiti alichozoea kukalia Clifford kilikuwapo kingine kitupu, naye akasita.

"Kaa, ni chako," Desmond akamwambia. "Clifford hakumpa mtu. Ungekigusa tu, angekwambia, 'Samahani, bwana, anayefuata ni Enid.'"

"Mbona hamkuniambia?"

"Tulikuja, mimi na huyu jirani yako," akasema akinionyesha kwa kidole. " Ulitufungia mlango."

Akakaa bila kuvua kofia. Nikatoa simu yangu, nikamuuliza anakunywa nini.

"Ngoja kwanza," akasema. "Clifford katangulia."