Begi Lililofungiwa kwa Tulinagwe

Kuna siku moja, mwanangu, naikumbuka mpaka harufu yake: udongo wa viazi uliolowa, moshi wa kuni, na jasho langu mwenyewe. Nilikuwa nimesimama mbele ya mlango wa watu, uchungu umenishika kiunoni, nimeling'ang'ania kufuli kana kwamba nikilibembeleza litafunguka. Nitakusimulia nilifikaje pale. Lakini kwanza tuongee habari zako.

Jana umenipigia simu kutoka Mbeya unalia. Wewe ni mjukuu wangu, najua, ila mimi nimezoea kukuita mwanangu na kwa umri huu sibadiliki. Umesema manesi wa kliniki wamekuambia ufunge begi la kujifungulia mapema, na mama mkwe wako, mnayeishi naye hapo Uyole, hataki kuona hata soksi ya mtoto ndani ya nyumba kabla mtoto hajazaliwa. Aliikuta ile kofia ndogo uliyoinunua, akageuza uso akatoka nje. Basi wewe umepanga begi likakae kwa rafiki yako Mwanjelwa, kwa siri, mpaka siku ifike. Uliposema hivyo nikaacha kumenya viazi. Nimeona nikuandikie taratibu, maana kwenye simu ungenikatiza. Nakujua.

Nilipoolewa huku Kilolo nilikuwa msichana wa Kinyakyusa kutoka Tukuyu, mrefu, mjeuri kidogo, nimezoea ndizi na majirani wanaoongea kwa sauti. Nikaletwa kwenye baridi hii kwa mama mkwe Mhehe, mwanamke mfupi, mkavu, ambaye asubuhi alikuwa akishakusalimia "Kamwene" anakukabidhi jembe. Babu yako alikuwa anapasua mbao Mufindi, nyumbani anaonekana kwa nadra. Kwa hiyo tulibaki wawili, mimi na mama yake. Hatukugombana. Tuliheshimiana tu kwa mbali, kila mtu na kigoda chake jikoni.

Mimba ya baba yako ilipokuwa kubwa, nesi wa kliniki aliniita pembeni akanieleza vya kuandaa. Vitenge visafi, mpira wa kutandika, pamba, wembe mpya, uzi, sabuni, halafu nguo za mtoto zenye joto na blanketi zito. Akasema nisije nikafika hospitali mikono mitupu nikategemea vya wenzangu. Nilirudi nyumbani nimefurahi kama nimepewa zawadi. Nikamkuta mama mkwe anapukuchua maharage, nikamweleza yote.

Akanisikiliza mpaka mwisho, hakuinua kichwa. Halafu akaniuliza, "Huyo mtoto umeshamsikia akilia?"

Nikamwambia bado, mama.

"Basi hizo nguo ni za nani?"

Akaendelea na maharage yake. Hilo ndilo lilikuwa jibu, na mimi nikalimeza kama nilivyomeza mengine. Ila ndani nilichemka, mwanangu. Nilimwona mshirikina, nilimwona hanipendi, nikajiambia ningekuwa binti yake wa kuzaa asingenisemesha hivyo. Hata siku moja sikukaa nikajiuliza kwa nini mtu mzima anaogopa nguo ya mtoto. Ujana una haraka ya kukasirika.

Sasa kulikuwa na jirani yangu, Tulinagwe, naye wa kwetu Tukuyu, kaolewa nyumba ya juu ya mlima kidogo. Huyo ndiye nilikuwa namwaga kwake siri zangu zote, kwa Kinyakyusa, hata mbele ya mama mkwe, tukijiona wajanja. Tukapanga. Kila siku ya gulio nikawa nashuka na kikapu cha viazi, nauza, nanunua kitu kimoja au viwili, halafu njia ya kurudi napitia kwa Tulinagwe. Leo pamba na wembe, wiki nyingine kitenge, wiki nyingine vijisoksi. Vyote vikaingia kwenye shangazi kaja, lile begi la mistari, jekundu na bluu, na begi likawekwa chini ya kitanda chake. Nikifika nyumbani na kikapu kitupu, mama mkwe yuko kwenye mianzi yake anagema ulanzi, ananitazama tu. Nikidhani haoni kitu.

Nilikuwa nalipenda begi lile, usinicheke. Kuna siku nilikuwa naenda kwa Tulinagwe kulifungua tu na kulifunga tena. Nilizikunja zile nguo upya, nikazinusa, nikarudi nyumbani na furaha yangu ambayo sikuwa na wa kumwonyesha.

Basi siku yenyewe ikafika mapema kuliko hesabu ya nesi. Tulikuwa shambani, asubuhi, tunachimba viazi. Nilihisi mgongo unakatika, nikanyamaza. Uchungu ukarudi tena, nikashika jembe. Ukarudi wa tatu, chupa ikapasuka, maji yakanimwagikia miguuni. Unajua nilifanya nini? Badala ya kumwita mama mkwe aliyekuwa tuta la pili tu kutoka kwangu, nikaacha jembe nikapanda mlima kwenda kwa Tulinagwe. Begi langu! Akili yote iko kwenye begi.

Nikafika, nikakuta kufuli. Nikazunguka nyuma, dirisha limefungwa. Mtoto wa jirani akaniambia mama huyo amekwenda Makongolosi kwa mume wake, kule machimboni, kaitwa ghafla kwamba ni mgonjwa, kaondoka alfajiri. Makongolosi! Ni kuvuka mkoa mzima. Nikashika lile kufuli, nikaegemea mlango, nikaanza kulia. Niliona aibu, niliona hofu, na uchungu unazidi kukaza.

Niliposikia hatua nyuma yangu sikuhitaji kugeuka. Mama mkwe alikuwa amenifuata, matope mpaka magotini. Akaangalia miguu yangu, akaangalia mlango, akaangalia kufuli mkononi mwangu.

"Begi lako liko humo?" akauliza.

Nilishtuka mpaka uchungu ukatulia kidogo. Nikaitikia kwa kichwa. Nilisubiri anitukane, na kusema kweli ningekubali. Alinipa bega lake, akanishusha mlima polepole, akaniketisha barabarani kwenye gunia la viazi lililokuwa likingojea gari. Halafu yeye akakimbia nyumbani. Sikuwahi kumwona yule mama akikimbia, wala sikumwona akikimbia tena.

Alirudi na furushi la kitenge kichwani, limefukizwa na moshi mpaka limebadilika rangi. Nilijua limetoka darini, juu ya moto wa jikoni, pale anapohifadhi mbegu zake. Likapita gari la kubeba viazi kwenda Iringa, akalisimamisha kwa kusimama katikati ya barabara, tukapanda juu ya magunia. Mvua ya masika ilikuwa imeharibu njia vibaya. Kila gari likiteleza ananishika kwa mikono yote miwili, na mimi, ambaye sikuwahi hata kumgusa zaidi ya kumsalimia, nilijilaza mapajani mwake nikalia kwa sauti.

Hospitali nesi akauliza vifaa viko wapi. Nikafumba macho. Nikamsikia mama mkwe anafungua furushi juu ya meza, na nesi anavitaja kimoja kimoja: mpira, vitenge, pamba, wembe kwenye karatasi yake, uzi, sabuni, blanketi. Nikafumbua macho. Vyote vilikuwepo! Vinanuka moshi, lakini vilikuwepo. Nesi akatania kwamba mtoto wangu atadhani amezaliwa jikoni. Halafu akauliza, na nguo za mtoto je?

"Zitakuja," mama mkwe akasema.

Nesi akamtazama, na mimi nikamtazama. Nikaingizwa ndani, yeye akabaki kwenye korido.

Kuzaa sitakusimulia, utakuona mwenyewe kwa uwezo wa Mungu. Nikuambie tu kwamba baba yako, huyo bwana mwenye kitambi anayeendesha malori, alitoka amenyamaza. Kimya. Nesi akampangusa, akamsugua mgongo, bado kimya. Nilimwona nesi mwingine akija haraka. Na katika ule ukimya ndipo nililielewa lile swali la maharage, bila mtu kunieleza. Nikajikuta naomba mwenyewe moyoni, lia, baba, lia.

Akalia. Kwa hasira, kama mtu aliyeamshwa usingizini bila sababu.

Kule korido, nesi aliniambia baadaye, mama mkwe alikaa chini sakafuni palepale aliposimama. Akasema neno moja, "Analia." Akalisema tena na tena, anacheka na machozi yanamtoka. Kisha akanyanyuka, akaingiza mkono ndani ya kitenge alichojifunga tumboni, akatoa sweta dogo la manjano, la kufumwa kwa mkono, na kofia yake. Alikuwa amelifunga mwilini mwake tangu nyumbani. Lilipomfikia baba yako lilikuwa na joto.

Jioni alikaa kitandani kwangu akanilisha uji. Ndipo akaniambia. Mimba yake ya kwanza, kabla ya babu yako, aliandaa kila kitu, alikuwa binti mwenye furaha kama mimi. Alifua zile nguo akazianika kamba nzima, kijiji kikapita kikaziona. Lile sweta alilifuma mwenyewe. Mtoto akazaliwa, hakulia. Akarudi nyumbani na furushi kichwani, na kila aliyekutana naye njiani alijua ndani yake kuna nini. Tangu hapo hakutaka tena kuona nguo ya mtoto inangojea.

"Lakini wewe nilikuandalia," akasema. "Nilikuwa naona kikapu kinarudi kitupu. Nikajua unaniogopa. Na mimi nilikuwa naogopa kuliko wewe, nikanunua huku najificha ndani ya nyumba yangu mwenyewe."

Nikamwomba anisamehe. Akanipangusa mdomo, halafu akanikaripia, lakini kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake: "Siku nyingine ukitaka kunificha kitu, kifiche kwangu."

Tulicheka, mwanangu, mpaka nyuzi zikaniuma. Na kuanzia hapo yule akawa mama yangu, si mkwe tena, mpaka nilipomzika. Tulinagwe aliporudi aliniletea begi langu analia kwa kunionea huruma. Zile nguo baba yako alizivaa baadaye, na shangazi kaja likaishia kubeba viazi.

Sasa nisikilize. Funga begi lako, tena anza leo. Manesi wamesema kweli, na usikubali mtu yeyote akuambie usijiandae. Weka vyote walivyokuambia, kadi ya kliniki iwe juu, blanketi liwe zito, maana baridi ya Uyole unaijua. Ila begi lisiende Mwanjelwa. Begi linakaa pale ambapo wewe na atakayekushika mkono siku hiyo mnaweza kulifikia hata kama simu imezima na rafiki kasafiri. Na atakayekushika mkono ni nani, kama si huyo mama unayemkasirikia? Mumeo atakuwa kazini. Mimi niko huku milimani.

Usibishane naye. Subiri mko wawili, jikoni, mikono ina kazi, kisha muulize taratibu alijifungulia wapi wa kwanza, na ilikuwaje. Ukimaliza kuuliza, nyamaza. Sijui atakuambia nini. Pengine ni mila tu aliyoikuta kwa wazee wake kule Usangu, pengine kuna kaburi dogo ambalo hata mume wako halijui. Lolote atakalosema, lipokee. Halafu mkabidhi begi, umwambie, mama, nitunzie wewe, uliweke unapotaka, nisilione mpaka siku ifike. Yeye hatalazimika kuliona limetandazwa, na wewe hutalazimika kushika kufuli la watu.

Nguo za mtoto usiziweke ndani, kama zinamtisha. Mwachie yeye azishike. Nimempa dereva wa basi la Mbeya kifurushi, kesho mchana kitafika stendi. Ndani kuna sweta la manjano, nimelitia kiraka kwenye kiwiko, na moshi haujatoka mpaka leo ingawa nimelifua mara nyingi. Baba yako alilivaa, shangazi zako walilivaa, na wewe ulilivaa. Kifurushi nimekiandika jina la mama mkwe wako, usikifungue. Mwambie bibi wa Kilolo anamsalimia, na anamwomba alifunge tumboni mwake siku hiyo, asilitoe mpaka asikie.

Mungu akupe nguvu kiunoni na utulivu moyoni. Akupe barabara isiyo na matope na nesi mwenye mkono mwepesi. Akurudishe nyumbani na mzigo hai. Na huyo mtoto wako alie, mwanangu, alie kwa hasira zake zote, mpaka mama mkwe wako amsikie huko korido na akose nguvu za kusimama.