Fundi Asiyetaka Waya
Fundi wa kompyuta wa ofisi hii hataki kusikia habari ya waya. Kwake ni ushamba. Ukimwambia picha zimegoma kutoka kwenye simu, huifuta simu kwa shati lake, akailaza taratibu kando ya kompyuta kama anayekutanisha wakwe. "Haya, semezaneni." Leo picha za ripoti zilikataa katakata, na kikao kilikuwa kimebakiza dakika tano kuanza. Alihakikisha simu na kompyuta ziko kwenye Wi-Fi moja, akazima, akawasha, akabembeleza. "Dada, hebu niletee maji," akamwambia katibu. Katibu aliporudi, picha zote zilikuwa zimefika. "Umeona? Zimepita hewani!" Fundi akaondoka kifua mbele. Katibu akamfuata hadi mlangoni, akamshushia shati lifunike waya uliokuwa ukining'inia kutoka mfuko wa nyuma kama mkia.