Mrashi wa Mama na Dawa ya Bamia

Harufu ya majani ya mwarobaini yakitwangwa pamoja na pilipili kavu huingia puani kwanza kama uchungu, kisha kama moto, na mpaka leo nikiisikia napiga chafya na kuona haya. Mwaka ule, nadhani ni katikati ya miaka ya themanini, nami nina miaka kumi au kumi na moja, Mama alipanda bamia uani kwetu Barani, Malindi, zikaingiwa na vidukari, wale wadudu weusi wanaojazana chini ya majani. Dawa aliitengeneza mwenyewe: alitwanga, akaroweka usiku kucha, akachuja kwa kipande cha leso, akakoroga na sabuni ya kufulia. Kunyunyiza kulikuwa kazi yangu. Nilipewa ufagio wa chelewa niuchovye na kuukung'uta, na kwa haki niseme kwamba nusu ya dawa iliishia kwenye gauni langu na iliyobaki waliipata kuku.

Hapo ndipo nilipoukumbuka mrashi. Kwetu mgeni wa heshima hunyunyiziwa marashi viganjani ajipake usoni, na mrashi wa Mama, wa fedha, wenye shingo ndefu na matundu madogo kichwani, ulikaa kabatini ukingoja wageni wa namna hiyo. Nikautia dawa. Ulinyunyiza vizuri ajabu, hata chini ya majani, pale ufagio usipofika. Siku ya tatu wadudu walikuwa wamekufa. Nikausuuza, nikaurudisha. Ningependa kuandika kwamba niliusuuza mara tatu, lakini daftari langu la wakati ule, ambalo halina sababu ya kunionea, linasema mara mbili.

Wiki hiyohiyo wakaja wanawake watano kutoka Mambrui kumtazama dada yangu Zuhura. Akiwaridhisha, wanaume wao wangeleta posa. Asipowaridhisha, basi tena, na Zuhura alimtaka kijana yule hata chakula kilikuwa hakimpiti. Mkubwa wao alikuwa Bi Rukia, mamake kijana, mtu wa maneno machache. Mama akautia mrashi marashi, akamnyunyizia yeye wa kwanza. Bi Rukia akajipaka usoni, kisha machozi yakaanza kumchirizika.

"Marashi yenu makali, Bi Amina," akamwambia Mama.

Shangazi, aliyekuja kumsaidia Mama kupokea wageni na ambaye sidhani alikusudia uongo, akajibu kwamba ni ya Arabuni. Wale wanne wengine nao wakajipaka, na punde wageni wote wakawa wanalia kwa adabu, kila mmoja akijipangusa macho kwa mkono uleule uliomponza. Mmoja wao akasema Bi Rukia aachwe alie, kwani huyu anayemwoza ni mwanawe wa mwisho. Mimi nimesimama na sinia ya visheti, nikamwona Zuhura nyuma ya pazia akinitazama. Nikajua nimemharibia.

Bi Rukia akanusa kiganja chake. "Nani katia mwarobaini ndani ya mrashi?"

Mama akafumbua kinywa, na nilijua lawama angejitwika yeye. Nikasema ni mimi. Usidhani ni ujasiri. Nilimwogopa Zuhura zaidi.

"Wa nini, mwanangu?"

"Bamia zilikuwa na wadudu."

"Wamekufa?"

"Wamekufa."

Akanitazama kwa jicho moja, la pili limegoma kufunguka. "Hebu twende ukatuonyeshe."

Wakatoka uani wote watano, mabuibui wameyashika juu, wakageuza majani moja moja huku machozi yakiwatoka, Bi Rukia akitaka kujua ni pilipili ngapi kwa ndoo moja. Posa ililetwa Ijumaa. Zuhura husema walikuwa wamekwisha kukubali tangu kwao Mambrui, na huenda ndivyo; sitaki kujipa sifa isiyo yangu.

Siku hizi nina pampu ya plastiki ya kubeba mgongoni, na lazima nikiri hufanya kazi kuushinda mrashi. Lakini sijaona mgeni akiinuka kitini kwenda kutazama chini ya majani yangu. Huniuliza tu bamia nimenunua wapi. Mrashi niliurithi mimi. Kila Idi, kabla ya kuutia marashi, huusuuza mara moja. Ndiyo ile ya tatu.